Mlango wa Nyumba ya Dancun

Kisii mjini,
3 Agosti 2025

Kwako Baba mkwe,

Pokea salamu zangu za heshima. Habari za Kebirigo? Mgongo wako unaendeleaje na baridi hii? Sisi huku hatujambo, ni vumbi la barabara na kelele za boda tu.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Maneno yangu kwako siku zote hupitia kwa Mama, lakini yuko Nyamarambe akimuuguza dada yake, na mwanao Dancun akishavuka mpaka na lori lake kwenda Juba hapatikani. Kukupigia simu siwezi. Chinsoni zenu, ile miiko ya heshima, nazijua: baba mkwe na mke wa mwana hawapigi soga. Hata kwetu Homa Bay mambo si tofauti sana. Basi nikasema niandike, Cynthia mchuuzi wa ndizi alete barua pamoja na mtoto.

Nyamusi atakuwa nanyi likizo hii. Atalala katika nyumba yetu hapo bomani na wifi yangu Eucabeth. Nina machache ya kuomba. Chakula: mboga za chinsaga na managu, ugali wa wimbi, maziwa ya ng'ombe wako, ale ashibe. Soda na mikate ya dukani hapana. Kwenye mkoba kuna mafuta ya mkaratusi ya kumpaka kifuani, na kopo la asali niliyochanganya na tangawizi na kitunguu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Halafu, Baba, na hili naomba lisikuudhi: Nyamusi namlea ajiamini. Akiuliza, ajibiwe. Akikataa jambo, aulizwe kwa nini. Asiambiwe kwamba watoto hawasemi mbele ya wazee.

Unakumbuka pumu ilivyomtesa. Tangu mwezi wa tatu sijampa ile inhela ya hospitali, na amepona. Kisa chake nimekiweka kwenye ukurasa wangu wa simu, Mama na Majani, na akina mama kutoka hapa hadi Migori wananifuatilia. Jumamosi ya tarehe 23 tunakutana ukumbini mjini, na Nyamusi mwenyewe atashika kipaza sauti aeleze alivyopona. Kwa hiyo nataka apate hewa safi, arudi ana nguvu.

Mkaza mwanao,
Achola


Kebirigo,
6 Agosti 2025

Kwa Mama Nyamusi,

Salamu. Mgongo haujambo, unanilalamikia kama kawaida yake. Ng'ombe amezaa. Mvua ni kila siku, na chai imechipuka hata Eucabeth anaenda kuchuma kabla sijamaliza uji wangu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Miaka yote hii umekuwa mke wa mwanangu na maneno tuliyosemezana hayajazi kikombe, leo unanitumia kurasa za amri! Sijakasirika. Nimekuwa mwalimu wa darasa la nne mpaka nikastaafu, amri nimezizoea. Ila nilizoea kuzitoa mimi.

Kweli, simu usinipigie. Dancun aliwahi kuniambia nikutumie ujumbe. Nikamuuliza, ujumbe wangu uingie kwenye simu iliyolala chini ya mto wa mke wa mwanangu, hiyo ni heshima ya wapi? Karatasi ina adabu yake.

Mtoto amefika. Na anasema, lo! Siku ya kwanza tu aliniuliza kwa nini namwita nikiwa nimesimama nje ya nyumba yenu na siingii. Nikamwambia baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, ndivyo tulivyokuta. Mimi mle ndani nilikanyaga mara ya mwisho mafundi wakipiga lipu. Akaniuliza, "Na moto ukiwaka, Babu?" Nikamwambia anywe uji wake.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jana tulienda kisimani. Tukirudi, pale kwenye kilima kidogo, alisimama akainama, eti anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa patipati. Nikamwangalia mabega, yanapanda na kushuka. Asubuhi namsikia akikohoa hadi nyumbani kwangu, na unajua masikio yangu si ya kijana.

Daktari alisemaje ulipoiacha ile dawa?

Baba Dancun


Kisii mjini,
7 Agosti 2025

Kwako Baba mkwe,

Salamu tena, na hongera kwa ndama. Poleni na mvua. Huku inanyesha pia lakini haina ukali wa kwenu.

Ulinishtua, kisha nikatulia. Hiyo ni baridi, Baba. Na ni moshi wa jiko la kuni la Eucabeth, tafadhali asikae na mtoto jikoni. Kikohozi cha asubuhi ni mwili unajisafisha. Nimewaeleza akina mama mara nyingi. Ukikizima kwa kemikali unakirudisha ndani, kinakaa huko kinasubiri.

Unauliza daktari alisemaje. Sikumuuliza, na nitakwambia sababu. Mwaka jana nilimpeleka Nyamusi hospitali moja akiwa hoi, nimembeba kwenye foleni mpaka mikono ikafa ganzi. Nesi akatuangalia akasema mbele ya watu wote, "Nyinyi akina mama wa siku hizi mnajua simu tu, mtoto mnamleta akishakauka." Nyamusi alisikia. Alimwona mama yake akigombezwa kama mtoto wa nasari. Nililia kwenye choo cha hospitali, nikanawa uso, nikaapa sitagombezwa tena. Ukurasa wangu niliuanza wiki hiyo.

Leo nikisema, watu wananisikiliza. Hujui hicho ni kitu gani kwa mwanamke aliyekuwa akipita sokoni hana hata jina, ni "yule Mjaluo wa Dancun" tu. Sasa mimi ni Mama na Majani. Wananisimamisha njiani waniombe ushauri.

Kama huniamini muulize mtoto mwenyewe. Nimemlea aseme ukweli bila kumwogopa mtu.

Mkaza mwanao,
Achola


Kebirigo,
10 Agosti 2025

Kwa Mama Nyamusi,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi tupo, na ndama amepewa jina la Kipaza, unaweza kukisia na nani.

Yule nesi alikukosea sana. Na anayekuita "yule Mjaluo" hapa kwangu hanywi chai yangu, hilo ulijue.

Nilimuuliza mtoto kama ulivyosema. Tulikuwa tunakamua. Aliweka kikombe chini, akasimama wima, mikono nyuma: "Mimi ni Nyamusi, nina miaka tisa. Nilikuwa na pumu na sasa nimepona kwa nguvu ya majani." Mama Nyamusi, maisha yangu yote nimesikiliza watoto wakikariri mashairi. Mtoto anayesema nawe hukuangalia wewe. Anayekariri huangalia juu ya kichwa chako.

Kisha akaokota kikombe chake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, mtu akishasema mbele ya watu amepona, halafu akaugua, anakuwa mwongo?"

Nilimwambia maziwa yanapoa.

Eucabeth anasema jana alikuta mtoto amelala ameketi, mito miwili mgongoni, na alipomuuliza akasema anapenda hivyo. Nani anapenda hivyo? Naogopa, na sioni aibu kukuambia.

Naomba ruhusa nimpeleke kliniki hapa Kebirigo. Ni damu yangu, lakini mama ni wewe, na siwezi kumshika mkono nikampitisha nyuma ya mgongo wako. Cynthia anarudi kesho. Mpe jibu.

Baba Dancun


Kisii mjini,
11 Agosti 2025

Baba mkwe,

Salamu. Natumaini hamjambo.

Jibu ni hapana.

Mtoto alikuwa sawa mpaka alipoanza kuulizwa maswali. Mmemtia hofu, na hofu ndiyo inayobana kifua, muulize yeyote anayejua. Mabango yamebandikwa mji mzima, Baba, na uso wake ndio ulio juu. Kuna mama atatoka Migori na watoto wawili kuja kumwona tu. Leo nimpeleke kliniki, wamfungulie faili, nitasimama mbele ya wale wanawake niwaambie nini?

Nitamfuata Jumamosi hii, tarehe 16. Mpaka hapo asivuke lango kwenda kliniki yoyote. Nimetuma chupa nyingine ya mafuta. Eucabeth amfukize kila asubuhi kwa majani ya mkaratusi, amfunike shuka vizuri mvuke usitoroke.

Unisamehe nikiandika kwa ukali. Kwa heshima zote, Baba, mtoto ni wangu.

Achola


Kebirigo,
18 Agosti 2025

Kwa Mama Nyamusi,

Salamu. Sijui mnaendeleaje, ndiyo sababu naandika.

Jumamosi ulimchukua mtoto hospitalini bila kuniangalia, nami sikukuangalia. Chinsoni zilitufaa sote wawili siku hiyo. Eucabeth alikupigia simu akakwambia mtoto amezidiwa, lakini yeye hakuwapo ilipotokea. Nilikuwapo mimi. Kwa hiyo ni lazima uisikie kwangu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Eucabeth alimfukiza kama ulivyoagiza, kisha akaenda shambani. Mvua ilianza mapema, kubwa. Nilikuwa zizini niliposikia sufuria ikigongwa ndani ya nyumba yenu. Nikasema anacheza. Ikagongwa tena, vibaya vibaya, haina mwendo wa mchezo. Nikaenda mpaka mlangoni. "Nyamusi! Toka nje!" Hakujibu. Nilichosikia ni kifua chake, kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Na mimi nikasimama.

Nataka ujue hilo, maana hospitalini watu walinisifu na sikustahili. Mlango ulikuwa wazi. Mvua inanipiga mgongoni, mtoto wa mwanangu anakufa ndani, na mimi nimesimama kizingitini namwita Eucabeth, namwita jirani yetu Ruth, naita mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuingia. Nani angesikia kwa mvua ile? Nilikuwa nimesubiri ruhusa ya barua, sasa nasubiri ruhusa ya mlango. Kisha sufuria ikanyamaza. Ndipo nikaingia.

Alikuwa ameketi sakafuni ameegemea kitanda, midomo imegeuka rangi. Mkononi alishika inhela. Ni ile ile, Mama Nyamusi, uliyoitupa mwezi wa tatu. Aliiokota kwenye taka akaificha ndani ya soksi, na tangu wakati huo amekuwa akiivuta kwa siri. Ilikuwa imekwisha. Aliendelea kuibonyeza hivyo hivyo, tupu.

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani, boda ikatupeleka. Wakamvika barakoa ya mvuke wa dawa. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Babu, usimwambie Mama kwamba nilikuwa nayo."

Nimekuambia. Nimevunja neno la mtoto na nimevunja mwiko wa nyumba, vyote wiki moja. Wazee wamesikia kuwa niliingia kwa mwanangu na wameniita nijieleze. Hayo ni yangu, nitayamaliza.

Yako ni tarehe 23. Utamsimamisha aseme nini?

Baba Dancun


Kebirigo,
21 Agosti 2025

Mama Nyamusi,

Cynthia anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani bila kumuaga. Sidai jibu. Sitaki hata radhi.

Wazee tulikutana jana. Wamenipa mpaka wiki ijayo nifikirie cha kusema, kwa sababu niliyoyasema hawakuyapenda.

Nyamusi alisahau patipati zake. Nampa Cynthia. Ukizipokea tu, nitajua mtoto yupo na anatembea.

Babu Nyamusi


Kisii mjini,
24 Agosti 2025

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Mgongo umekuaje baada ya kumbeba? Nilipaswa kukuuliza siku ile ile hospitalini na sikukuuliza. Nyamusi anapumua. Patipati zilifika, na jana alizivaa hata ukumbini, viatu vipya nilivyomnunulia alivikataa. Sikumuuliza kwa nini.

Sikukujibu kwa sababu kila nikianza barua najikuta naandika baridi ya Kebirigo, moshi wa Eucabeth, maswali yako. Nilichana karatasi mpaka daftari likaisha.

Siku ile hospitalini daktari alimuuliza Nyamusi, "Kifua kinakubana tangu lini?" Swali dogo tu. Mtoto alinitazama mimi kwanza. Baba, nimejigamba kwa akina mama wote kwamba nimelea mtoto asiyemwogopa mtu. Kumbe yupo mmoja anayemwogopa, na ni mimi.

Hata hivyo sikufichi kitu tena: jana niliingia ukumbini sijaamua. Watu walijaa hadi mlangoni. Kulikuwa na mama mmoja wa Nyamarambe, amekaa mstari wa mbele na mtoto mapajani, na kutoka pale nilipokuwa nilisikia kifua cha yule mtoto. Ile sauti ya bawaba uliyoandika. Nikamwambia Nyamusi, "Leo huna shairi. Sema unachotaka." Na moyoni, haki ya Mungu, nilikuwa naomba aseme shairi.

Akashika kipaza sauti. Akasema, "Mimi sijapona. Nina pumu. Nikikimbia kifua kinabana. Mama hakujua, kwa sababu sikumwambia."

Watu wakapiga makofi! Wengine walilia, eti tazama mtoto jasiri, tazama malezi. Nikaelewa alichofanya. Amesema ukweli wake wote, kisha akachukua uongo mmoja akanifunika nao, mbele ya watu, mtoto wa miaka tisa. Ilibaki niseme tu, "Masikini, sikujua." Walikuwa tayari kuniamini. Ningeondoka na jina langu mkononi.

Nilisimama pale, Baba. Nakuambia wewe kwa kuwa wewe unajua kusimama kwenyewe kulivyo.

Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Mama alijua." Nikawaambia nilikuwa nikisikia kikohozi kupitia ukutani, nikawa naongeza sauti ya redio. Nikawaambia inhela niliitupa kwa mkono wangu. Nikawaambia aliye na mtoto anayepumua kwa sauti ainuke sasa hivi aende hospitali, asali atampa wakirudi, haimkimbii. Wakanizomea. Mmoja alinirushia chupa yangu mwenyewe ya mafuta. Yule mama wa Nyamarambe hakuzomea. Nilipotazama kiti chake kilikuwa tayari kitupu.

Leo ukurasani naitwa Mjaluo mwongo, na mengine ambayo sikuandikii. Inaniuma. Nilipenda sana kusikilizwa.

Jana yote Nyamusi hakunisemesha, nikadhani nimemwaibisha kwa kumkanusha mbele ya watu. Asubuhi hii nilikuwa nakoroga uji, akaja jikoni akasimama karibu yangu. Akasema, "Mama, kifua kinabana kidogo." Hakuangalia juu ya kichwa changu. Aliniangalia machoni. Nikampa inhela mpya, nikakaa naye chini mpaka kikafunguka, na uji ukaungua wote.

Dancun amepatikana. Nimemweleza kila kitu, akasema anakuja.

Wiki ijayo wazee wakikuuliza tena kwa nini uliingia, wasomee hapa, na jina langu liko chini wasiseme umebuni: hiyo nyumba ina mwanamke, na mwanamke huyo amekukaribisha. Siku nyingine usisimame mvuani, Baba. Ingia.

Mwanao,
Achola